Dada Yangu Hasemi, Anaandika

Watu wa mtaa wetu hapa Mtanda, Lindi, wanasema nimekuwa mkaidi uzeeni. Si kweli. Mkaidi nilikuwa tangu zamani, ila zamani nilikuwa na nguvu za kuficha. Sasa sina, na sioni sababu ya kuficha. Kwa hiyo nayaandika haya ya ile kompyuta na simu, ili anayetaka kunisema aniseme akiwa na habari kamili.

Kompyuta yenyewe si yangu kwa asili. Binti yangu anafundisha Masasi, alipata nyingine, hii ya zamani akaniletea. Ina ufa kwenye kifuniko, na betri yake ilishakufa, haiwaki mpaka uichomeke ukutani. Akaiweka juu ya meza aliyokuwa anashonea marehemu mama yake. Nikamwuliza, mimi hii ya nini, mtu niliyesoma kisomo cha jioni cha watu wazima, na mwalimu mwenyewe akisikia dagaa wameingia anatuacha ubaoni anakwenda zake pwani? Akasema, "Baba, hii si ya kusomea. Hii ni ya kumsoma shangazi."

Shangazi yake ndiye dada yangu, na hapa lazima nisimame kidogo, maana bila kumjua yeye habari yote hii utaiona upuuzi wa mzee.

Dada yangu ni mkubwa kwangu na anakaa Njinjo, kule bara ya Kilwa, kwenye shamba lake la mikorosho na ufuta. Zamani alikuwa na sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Akipiga ukelele wa kufukuza nyani shambani kwake, nyani wa shamba la jirani nao walikuwa wanaondoka. Kwenye harusi hawakuhitaji spika. Halafu akapata uvimbe kooni, akapelekwa Dar, akapasuliwa. Madaktari walimponya, Mungu awalipe, lakini sauti ilibaki hukohuko. Anakula, anapumua, anacheka bila mlio, mabega tu yanaruka. Kusema hawezi.

Sasa tazama watu walivyo. Wakaanza kuzungumza naye kwa kupayuka kana kwamba masikio ndiyo yaliyokatwa. Halafu wakaanza kumzungumzia mwenyewe akiwa amekaa palepale. "Huyu ameshakula? Huyu atalala wapi?" Ukimwuliza jambo anatikisa kichwa, ndiyo. Anatikisa kwa kila mtu, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kumfanya mtu aondoke. Mimi kukubali kwake kwa kichwa nakujua. Siku moja nilimwuliza kama mimi ni mzuri wa sura, akatikisa.

Lakini mpe simu. Yeye alimaliza la saba, na herufi kwake si kitu. Anaandika kama alivyokuwa anasema, refu, bila kituo, Kimatumbi kimeingia katikati ya Kiswahili, na matusi ya kindugu humo humo. Akiniandikia namsikia kabisa.

Tatizo likawa macho yangu. Nina mtoto wa jicho, na daktari hapa Lindi aliniambia tusubiri likomae. Nikamwuliza hilo ni jicho au fenesi. Kwenye simu herufi naziona kama siafu wanahama. Tukazikuza, zikawa kubwa mpaka kioo kinaingia maneno matatu, nikifika mwisho wa meseji nimeshasahau mwanzo. Kumpa mtu anisomee nilijaribu mara moja. Jirani yangu, mama mwema wa watu, alinisomea meseji ambayo ndani yake dada alikuwa anaeleza wakwe zangu walivyo, na kabla ya alasiri wakwe zangu walikuwa wanajua walivyo. Tangu hapo nikaapa, maneno ya dada yangu hasomi mtu ila mimi.

Ndiyo maana ya ile kompyuta. Binti yangu aliiunganisha na simu, meseji ikiingia kwenye simu inatokea na kwenye kompyuta, herufi kubwa kama za ubao wa duka. Asubuhi nakaa na chai yangu na muhogo, namsoma dada. Namjibu kwa kidole kimoja. Tuliishi hivyo, na nilikuwa na raha, sikuona mtu wa kumwonea wivu Lindi nzima.

Halafu meseji zikagoma.

Simu inalia, kompyuta kimya. Naifunga, naifungua, kimya. Pale kwenye kioo kikubwa meseji ya mwisho ilikuwa inasema kuku mweusi ameanza kuatamia, na kuku yule akaendelea kuatamia siku baada ya siku, huku kwenye simu siafu wanazidi kupandana. Nilijua dada ananiandikia. Nilijua anaandika sana kuliko kawaida. Sikujua anasema nini.

Na ndipo akaja mpwa wangu.

Huyu ni mtoto wa dada yangu huyohuyo, mtu mzima, ana tumbo lake na biashara zake Dar. Sasa kwetu sisi mtoto wa dada na mjomba wake wana mambo yao. Jambo la nyumba ya mama halipiti bila mjomba kusema neno. Vijana wa Dar wengi wameshaisahau mila hiyo, lakini nimeona wakitaka ardhi wanaikumbuka vizuri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu. Unatoka wapi?"

"Njinjo, kwa mama." Akakaa, akafuta jasho. "Mjomba, nimekuja na jambo la heri. Mama namchukua moja kwa moja, akakae Dar. Lile shamba kuna mtu analitaka, ana haraka kidogo. Nimeona Ijumaa baada ya swala tukae hapa kwako, wewe na wale wazee wawili wa ukoo, mtie baraka zenu, basi."

"Na mama yako amesemaje?"

"Amekubali. Nimemwuliza, akatikisa kichwa."

"Alitikisa ulipomaliza kusema au ulipokuwa unaendelea?"

"Mjomba, kuna tofauti gani?"

"Ipo. Nitasubiri neno lake."

Akacheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyo. "Neno gani mjomba? Mama si hasemi."

Nataka niwaambie, nimetukanwa katika maisha yangu na watu wenye kipaji cha kutukana, lakini neno hilo moja liliniingia vibaya kuliko yote. Hasemi. Simu yangu iko mfukoni imejaa maneno yake mpaka inalia kila saa, na mtoto wake aliyemzaa ananiambia hasemi.

"Anasema," nikamwambia. "Humu kumejaa."

"Basi nipe nikusomee."

Nikaitoa mfukoni nikaikalia.

Kesho yake nikaenda mjini kwa fundi simu. Nilipanda bodaboda, kijana akaniuliza mzee twende mdogo mdogo, nikamwambia twende unavyokwenda siku zote, nikajuta pale kwenye kona ya kuteremkia bandarini. Fundi akaipokea simu, akaigeuza, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Hii tunaiflash."

"Ndiyo kufanya nini?"

"Tunafuta kila kitu, mzee. Inaanza upya. Inakuwa kama imetoka dukani."

"Na meseji?"

"Zinaondoka. Lakini simu inakuwa mpya."

Nikamwambia mimi sikuja kutafuta simu mpya, nimekuja na dada yangu yumo humo ndani, na wewe unaniambia nimfute. Wateja wakacheka. Fundi naye akacheka. Nikaichukua simu yangu, nikawaacha wakicheka. Mpwa wangu aliposikia nimerudi mikono mitupu akaniambia, kwa upole kabisa, "Mjomba, achana na mameseji. Siku hizi watu wanatumiana voisi."

"Voisi za nani? Za mama yako?"

 Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona alichokuwa anakisema.

Jioni ile nikamtafuta binti yangu Masasi. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, anakaa nyumba ya nyuma, na tangu tumzike dada yake ndiye anayenipikia na kunisimanga. Yeye ana kitochi, kile kisimu cha vitufe. Tukapiga kwa hicho, ili simu yangu niwe nayo mkononi. Mkono mmoja nimeshika simu, mwingine nagusa kompyuta, na shemeji amenishikia kitochi sikioni huku mkono wake unanuka vitunguu.

"Baba, data umewasha?"

"Nimewasha."

"Ile hotspoti, ambayo kompyuta inachukua mtandao kwenye simu yako?"

"Nimewasha."

"Haya. Fungua meseji kwenye simu. Juu pale, gusa ile picha ya duara. Umeona palipoandikwa kuunganisha kifaa?"

"Naona siafu."

"Mama mdogo, msomee," binti yangu akasema.

"Hasomi mtu ila yeye," shemeji akasema, "alishaapa mbele ya mtaa." Lakini akainama akasoma, akaniwekea kidole pale pale. Kwenye kompyuta kukatokea ule mraba wenye vidoti vyeusi na vyeupe, kama mkeka uliosukwa na mtu mlevi. Nikauelekezea jicho la simu. Ikalia. Kwenye kioo kikubwa gurudumu likaanza kuzunguka.

"Linazunguka," nikasema.

"Ndiyo lenyewe, Baba. Zinavutwa hizo, mtandao wenu wa polepole. Subiri tu, usiguse kitu." Akakata, ana madaftari ya wanafunzi.

Tukasubiri. Gurudumu likazunguka, likazunguka, likasimama. Kikatokea kimstari chekundu. Kuku bado anaatamia.

Tukapiga tena. Data umewasha? Nimewasha. Mkeka, jicho, gurudumu. Inafanya kazi, Baba, mbona inafanya kazi. Akikata tu, linasimama. Tukafanya hivyo jioni ile mpaka chakula kikaungua, tukafanya tena asubuhi. Binti yangu akaanza kuniuliza maswali kwa ile sauti ya kumwuliza mtoto wa darasa la kwanza. Akaniambia labda mashine imechoka, tuiache mpaka likizo aje mwenyewe. Nikamwambia likizo shangazi yako atakuwa Dar kwenye chumba cha uani, na mikorosho yake inakatwa kuni. Siiachi. Ikiwa imechoka nami nimechoka, tutaona nani atalala kwanza.

Siku ya Alhamisi adhuhuri shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda anamponda pweza, na mimi nimeunganisha tena, binti yangu amekata, gurudumu linazunguka. Mara kule kuponda kukasimama.

"Shemeji," akasema, "hicho kidole gumba chako kinakwenda wapi kila ukimaliza?"

"Kinakwenda wapi?"

"Sasa hivi. Mtoto alipokata tu, umeshusha kioo cha simu, ukabonyeza. Umebonyeza nini?"

Nikatazama kidole changu kama cha mtu mwingine. "Nimezima data."

"Nani amekwambia uzime?"

Hakuna aliyeniambia. Lakini niulize ni nani hapa kwetu asiyezima. Data ikiachwa wazi inakula, unalala na kifurushi unaamka huna. Tulifundishana wenyewe kwa wenyewe, mitaani, msikitini, mashambani. Mtu akimaliza alichokuwa anatazama anazima, kama anavyofunika mtungi wa maji akishachota. Huulizwi, hukumbuki, mkono unakwenda wenyewe. Mpwa wangu anazima. Fundi wa mjini, nina hakika, anazima. Binti yangu aliponiunganishia mara ya kwanza alinikataza nisiguse kitu mpaka nizoee, nikawa mtiifu. Kifurushi kile kilipokwisha nikanunua kingine mwenyewe, na hapo kidole kikarudia kazi yake ya miaka yote. Meseji hizi za kawaida zinaingia kwenye simu hata bila data, ndiyo maana ilikuwa inalia, lakini kompyuta inakunywa mtandao kwenye simu ileile ninayoizimia data. Anayeniuliza data umewasha namjibu kweli tupu, nimewasha, halafu akigeuka tu nazima. Hakuna mashine iliyochoka. Alikuwepo mzee mmoja anaziba bomba juu na kuja kulaumu kopo chini.

"Ningejua ni wewe ndiye ugonjwa," shemeji akasema, "ningekuflash wewe."

Nikawasha. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, wallahi, nikaikalia. Gurudumu likazunguka, na kuku yule akapanda juu taratibu akapotea, na dada yangu akaanza kumwagika.

Sitayaandika yote, mengine ni ya kwetu. Alianza na siku mpwa wangu alipofika Njinjo na mtu wa viatu vyeusi aliyekuwa anapima shamba kwa hatua na kuhesabu mikorosho kwa kalamu, hakumwamkia mwenye shamba. Aliandika kwamba mtoto wake aliongea wakati wa chakula, wali unapoa, ndipo yeye akatikisa kichwa ili watu wale. "Sijatikisa kwa ajili ya shamba. Nimetikisa kwa ajili ya wali." Akaandika akiniuliza mbona sijibu. Akaandika tena. Iliyofuata ilikuwa inaniuliza kama nimekufa, na kama nimekufa kwa nini hakuambiwa. Na ya mwisho, ya asubuhi ileile, naiweka hapa kama ilivyokuja:

"Mdogo wangu nakujua wewe, utakaa pale uvimbe useme mimi ndiye mjomba nimekataa. Usikatae. Na usikubali. Hilo neno si lako na si la mwanangu. Mnanigombania kama kiti. Mimi nataka kusema mwenyewe."

Nilikuwa nimeshatunga hotuba. Nilikuwa nimeijaribu bafuni, na ilikuwa kali. Nikaiacha, na sitasema niliiacha kwa moyo mweupe.

Ijumaa baada ya swala wakaja. Wazee wawili wa ukoo wakakaa mkekani, mpwa wangu akakaa kwenye kiti, shemeji kwenye kizingiti cha mlango. Kompyuta niliigeuza ikawatazama wao. Simu niliiweka dirishani mbali na kidole changu. Dada yangu nilishamwandikia, naye alikuwa amepanda kwenye kichuguu cha nyuma ya ghala lake, ndipo mtandao unaposhika kule kwake. Mpwa wangu akaongea, na sikatai, aliongea vizuri. Akasema mama amezeeka, peke yake, mto ukijaa barabara haipitiki, akiugua nani atajua, hata kuita mtu hawezi. Wazee wakawa wanaitikia. Mimi nikawa nachapa kwa kidole kimoja anayoyasema. "Mwanao anasema umekubali."

Tukasubiri. Mzee mmoja akauliza kama mashine imelala. Halafu neno likatokea, kubwa, jeusi.

"Soma," nikamwambia mpwa wangu. "Wewe una macho."

Akasoma. "Sijakubali. Dar nitakuja koo likitaka daktari, na nitarudi. Shamba haliuzwi. Nikiugua nitaandika."

 Mpwa wangu akanitazama mimi, si kompyuta.

"Samahani wazee. Nani anajua kama huyu ni mama? Mtu yeyote anaweza kukaa mahali akaandika."

Swali la haki. Nikachapa hivyohivyo, anauliza tutajuaje kama ni wewe. Safari hii jibu halikuchelewa, na mpwa wangu alikuwa ameshaanza kulisoma kwa sauti kabla macho yake hayajafika mbele.

"Mwambie mimi ndiye niliyesema ni paka aliyekojolea unga wa harusi ya dada yake, na wageni wakaula, na yeye alikuwa na umri wa kujua..."

Hapo akaacha. Mzee wa kwanza alikuwa ameshaanza kukohoa. Wa pili akauliza, "Ule unga wa ile harusi? Mbona na mimi nilikula?" Shemeji akaondoka mlangoni amejifunika uso kwa kanga, tukamsikia uani.

Mpwa wangu naye mwishowe alicheka, na alipomaliza kucheka alionekana mdogo, kama ametoka shule.  Wazee hawakusema uamuzi wowote, kwa sababu hakukuwa na uamuzi uliobaki wa kusema. Mwenye shamba alishasema.

"Mwambie, mjomba," akaniambia kwa sauti ya chini, "mwambie mimi nilitaka apumzike tu. Na yule mtu nitamwambia aache. Mwambie hivyo."

"Sitamwambia. Kidole changu kimechoka, na mimi si mkalimani. Mwambie mwenyewe."

"Niandike humu?"

"Humo."

Akavuta kiti chake mpaka mezani. Vidole vyake ni vyepesi, vyote kumi vinajua njia, lakini alivikalisha pale juu ya vitufe muda mrefu bila kubonyeza. Nilimwona anafikiri aanze vipi. Tangu alipofika Njinjo na yule mwenye viatu, mpaka siku ile, alikuwa amezungumza juu ya mama yake na watu wengi sana. Kisha akachapa, na nikayasoma bila shida kutoka nilipokaa.

"Mama, shikamoo. Ni mimi."

Dada yangu akamweka kidogo. Mimi namjua, alikuwa ameshaiona.

"Marahaba," ikatokea. "Haya, sasa sema."